Nilimpa Shemeji Yangu Namba Tatu

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada na nakuomba unijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili saa tisa alasiri ndugu zangu wote watakaa sebuleni kwa mama wakinisubiri mimi niseme neno moja, na neno hilo likishanitoka kuna mtu atapoteza mke, watoto na pengine hata mahali pa kufanyia kazi, na mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, na balaa lote hili nimelileta mimi kwa kiherehere changu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, niliachika miaka tisa iliyopita, sina mtoto, na nimeajiriwa katika ofisi inayofanya utafiti wa afya na maisha ya watu wazima. Siendi nyumba kwa nyumba, wanaokwenda ni vijana wenye magoti mazima, mimi nakaa ghorofa ya tatu, meza ya pembeni karibu na choo, na kazi yangu inaitwa kusafisha majibu. Fomu zinanifikia bila majina, zina namba ya nyumba tu. Sehemu ya mwisho ya kila fomu ni ya mambo ya faragha, kwa hiyo mtu anapewa tableti na hedifoni, anakwenda kukaa peke yake, anasikia maswali na kubonyeza majibu bila yeyote kujua. Maswali ni matatu: unavutiwa na nani, umewahi kulala na nani, na wewe mwenyewe unajiitaje. Halafu anaambiwa, kama una la kuongeza sema, sauti yako itasikilizwa na mtu mmoja tu asiyekujua. Mtu huyo mmoja asiyekujua, mshauri, ni mimi.

Kwenye semina tuliambiwa kwamba majibu hayo matatu kwa kawaida yatakubaliana. Hayakubaliani, mshauri, nakuapia. Nimesikia bibi wa miaka sabini na kitu aliyelala kitanda kimoja na rafiki yake wa kike miaka thelathini mpaka akamzika, na bado anasema mambo hayo mnayouliza mimi siyajui, nimesikia baba wa watoto saba aliyebonyeza kwamba hajawahi kumtamani mtu yeyote tangu azaliwe, nimesikia binti anayewataka wanawake na hajamgusa hata mmoja na anasema hatamgusa, nimesikia mwanamume mmoja akisema tungekuja mwaka juzi angejibu mengine na tukirudi mwakani atajibu mengine tena. Sasa kompyuta ikiona majibu hayapatani inatia alama nyekundu, na fomu haifungi mpaka niipe namba moja. Moja ni mtu anayevutiwa na jinsia nyingine tu, mbili ni jinsia yake tu, tatu ni jinsia zote, nne ni asiyevutiwa na yeyote. Ipo na tano, ambayo ni haijulikani, lakini bosi wetu hataki kuiona, ameweka sheria kwamba kila mmoja wetu asizidishe fomu kumi za tano kwa wiki. "Haijulikani ni jina la uvivu," ndivyo anavyotuambia. "Mtu mzima anajijua." Na mwongozo wake unasema, tendo likipingana na jina, fuata tendo, hata kama lilitendeka mara moja miaka mingi nyuma.

Nikwambie ukweli wote, kwenye semina hiyo hiyo tulitakiwa tujaze sisi wenyewe kwa mazoezi, na kwenye swali la kwanza kidole changu kilisimama hewani, nikafikiria miaka yangu hii tisa, nikamfikiria mtu mmoja ambaye hata kwako siwezi kumtaja, halafu nikaona mwenzangu wa meza ya jirani anachungulia, nikabonyeza moja nikamaliza.

Sasa sikiliza. Jumatano moja asubuhi, wiki tano zilizopita, ilikuja fomu ya nyumba yenye watu watano, baba fundi wa kutengeneza cherehani, mama wa nyumbani, mapacha wako darasa la tatu na mtoto mdogo wa kunyonya, na ilikuwa nyekundu. Kwenye swali la kuvutiwa yule baba alibonyeza wanawake, kwenye swali la kulala alibonyeza wote, kwenye jina akaacha wazi. Hata kabla sijavaa hedifoni nilishaanza kushuku, kwa sababu mafundi wa cherehani wenye mapacha darasa la tatu si wengi, na nilipovaa nikasikia kwanza kikohozi, halafu, "Sasa mwanangu nitasemaje," na mimi namjua mtu mmoja tu duniani anayeanza maneno hivyo hata akiongea na cherehani.

Sheria yetu ni kwamba ukimtambua mtu unavua hedifoni hapo hapo na fomu unampa mwenzako. Sikuvua. Ningesema nilipigwa na butwaa, lakini ningekuwa nakudanganya, nilitaka kusikia. Nilisikiliza dakika nne zote, nikarudisha, nikasikiliza tena, na mara ya tatu nilifumba macho. Alisema kwamba

*(Hapa nimekata mistari tisa. Sababu iko kwenye jibu langu. – Mshauri)*

na mwisho kabisa akasema, "Kwa hiyo hapo kwenye jina mimi sijui niweke nini. Wekeni mnavyoona nyie wenyewe."

Ilikuwa fomu ya kwenda kwenye tano moja kwa moja, mtoto angeona. Lakini wiki ile nilikuwa na fomu nyingi ngumu, tano zangu kumi zilikuwa zimeisha tangu Jumanne jioni, na bosi alikuwa amenisema mbele za watu wiki iliyotangulia. Nikafungua mwongozo, nikafuata tendo, nikaandika tatu. Alama nyekundu ikaondoka, fomu ikafunga, nikaenda kuchukua chai. Na hapa ndipo sijielewi mpaka leo, mshauri, kwa sababu ile namba niliiandika mimi, kwa kidole changu, kwa kukosa nafasi kwenye tano, lakini kufika jioni nilikuwa najua kwamba shemeji ni namba tatu kama ninavyojua kwamba ni mrefu. Nilisahau kabisa kwamba ni mimi. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyegundua kitu.

Jumamosi nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anakunja sare za shule za mapacha, amenawiri, na kama kawaida yake akaanza kunitania, "Dada na wewe tafuta mtu, utazeeka unaongea na kompyuta." Nikamwambia wanaume hawajulikani. Akacheka akasema, "Wako ndiye hakujulikana. Huyu wangu namjua nje ndani." Maneno yale yalinichoma, sijui kwa nini siku ile yalinichoma kuliko siku zote, nikamwambia, "Unamjua? Mumeo ni namba tatu."

"Namba tatu ya nini, ya foleni?"

Nikamweleza. Nikamweleza kwa utaratibu kabisa, kama nipo semina, moja ni nani, mbili ni nani, tatu ni nani. Aliacha kukunja. Akaniuliza, "Nani kasema?" nami nikajibu, "Kasema mwenyewe."

Aliiweka ile sare mapajani. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ni nusu yake," akaniomba niende zangu.

Jioni ile alimuuliza mumewe. Mdogo wangu amenisimulia mwenyewe kwamba shemeji hakukana wala hakukubali, aliuliza tu umetoa wapi hayo, na alipoambiwa kwamba ni dada, akakaa chini sakafuni pale alipokuwa amesimama, akasema, "Dada ndiye alikuwa ananisikiliza?" Basi. Akachukua sanduku lake la vifaa akaenda kwenye chumba chake cha kazi na mpaka leo analala huko, kwenye godoro la mtoto kati ya mashine za watu. Nilipita juzi upande wa pili wa barabara nikamwona mlangoni, amekonda, anamwekea mtu mkanda wa cherehani, mikono inafanya kazi na macho hayapo, nikageuza njia kama mwizi.

Mdogo wangu na watoto wako kwa mama. Na nani alieneza sijui, labda mama, labda kuta, lakini watoto wamesikia, na wiki iliyopita pacha mmoja alimwuliza mjomba, kaka yake mama yetu, mbele ya wageni, "Babu, baba ni namba tatu, na mimi ni ngapi?" Mjomba akawaka. Ndiye aliyeitisha kikao. Amenipigia simu amesema, "Wewe njoo na karatasi ya ofisini tuione kwa macho yetu. Kama ni kweli, watoto hawarudi kule, na mwenye kile chumba cha kazi nitakwenda kumwambia mwenyewe anampangisha mtu wa namna gani." Mama ameshika tama tu.

Na mdogo wangu, mshauri, ndiye anayeniua. Kila siku ananiuliza jambo moja, "Dada, alisema nini hasa? Niambie neno kwa neno, nitajua mwenyewe la kufanya." Na mimi najua kwamba nikimwambia neno kwa neno atarudi kwa mumewe siku hiyo hiyo, maana yale aliyoyasema juu yake sijawahi kumsikia mwanamume akiyasema juu ya mkewe, mimi hakuna aliyewahi kunisemea hata robo yake. Lakini ndani ya maneno hayo hayo kuna na yale mengine, hayatengani, na niliapa siku ya kwanza ya kazi kwamba nikisikia sitasema. Nimefikiria niende kikaoni niseme nilikosea, haikuwa sauti yake, na yeye awe safi mbele ya mjomba. Nimefikiria nipeleke karatasi nimalize. Nimefikiria niugue.

Nifanye lipi? Na nisaidie na hili pia, wewe mwenye uzoefu wa kusoma siri za watu: mtu kama yule ni nani hasa? Nimefunga fomu elfu nne na mia mbili kwa namba, usingizi umenikataa, na sijui.

Ni mimi,
Dada Mtu

* * *

Dada Mtu,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika, na kwa kuwa gazeti hili linatoka Alhamisi na kikao chenu ni Jumapili, nitaanza na hasira, huruma itafuata nafasi ikibaki.

Ile mistari tisa nimeikata mimi, na wasomaji wasinipigie simu kuiulizia. Shemeji yako aliahidiwa msikilizaji mmoja asiyemjua. Akapata wewe, unayekula kwake sikukuu. Kisha ukampa mdogo wako namba, mdogo wako akamfikishia mama, mama akamfikishia sijui nani, mpaka ikamfikia mjomba, na sasa umenimwagia na mimi maneno yenyewe, tena kwa mwandiko mzuri, nukta kwa nukta. Nimeyasoma, sitajifanya sikuyasoma, na karatasi hiyo nimeichana. Nimekuachia sentensi yake ya mwisho, ile ya wekeni mnavyoona, kwa sababu ile hakuwa anamwambia mkewe wala Mungu wake. Alikuwa anakuambia wewe, na wewe ukaweka.

Tuliseme wazi basi. Mdogo wako alipouliza nani kasema, ulijibu "kasema mwenyewe". Hakusema. Yeye alisema hajui. Wewe ndiye uliyesema, na ulisema kwa sababu tano zako zilikuwa zimeisha. Fomu yake ingefika mezani kwako Jumatatu ungeiweka kwenye haijulikani bila kufikiri, na leo mtu huyu angekula chakula cha mchana na watoto wake. Kilichomfanya awe tatu badala ya tano ni siku mbili za wiki. Kisha ukaichukua hesabu ya bosi wako ukaipeleka kwa mdogo wako ikiwa imevaa sauti ya mumewe.

Na kwa nini uliipeleka? Umeandika hujui kwa nini maneno yake yalikuchoma siku ile. Unajua. Siku tatu kabla ya hapo ulikaa na hedifoni masikioni ukamsikia mwanamume akimsema mkewe kwa namna ambayo wewe hujawahi kusemwa, ukarudia mara tatu, ya tatu umefumba macho. Ulikuwa na wivu, dada. Sikulaumu kwa kuwa nao, mtu aliyeachwa miaka tisa akikaa kusikiliza mapenzi ya watu kutwa nzima lazima umpate. Nakulaumu kwa kuuvalisha nguo za ofisi.

Sasa unaniuliza yule ni nani hasa. Sijui. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka kumi na sita na ninaulizwa swali hilo kila mwezi, mimi ni nani, mwanangu ni nani, huyu ninayeishi naye ni nani. Zamani nilikuwa najibu. Kijana mmoja aliniandikia kurasa mbili, nami nikamjibu kwa mistari mitano kwamba yeye ni kitu fulani na akubali tu. Alinirudishia kikaratasi cha shukrani, akasema sasa angalau anajua anaitwaje na jioni hiyo atamwambia baba yake. Sikupata barua nyingine kutoka kwake. Nilimwandikia mara mbili, bahasha zikarudi. Inawezekana alihama tu. Tangu hapo sigawi majina.

Ninachokijua ni kidogo. Anachokitamani mtu, alichowahi kukifanya, na anachojiita mbele za watu ni mambo matatu, na hayalazimiki kwenda pamoja. Mwingine yanakwenda pamoja maisha yake yote, bahati yake. Mwingine yanaachana akiwa na miaka ishirini yanakutana akiwa na hamsini. Na jibu linabadilika kufuatana na anayeuliza, na mlango kama umefungwa, na nani anachungulia. Huhitaji kwenda mbali kuona mfano. Wewe mwenyewe ulibonyeza moja kwa sababu ya jicho la mwenzako wa jirani. Je, nikitaka kukujua, nifuate kidole chako au nifuate ile dakika kidole kilipokuwa hewani? Ungependa mjomba aamue, sebuleni, mbele ya mama yako?

Sisemi ofisi yenu ifungwe. Hospitali zinahitaji kujua watu wanaishije ili ziwatibu, na ukihesabu maelfu lazima uwaweke mahali, hata kama mahali penyewe hapawatoshi. Lakini namba ya kuhesabia watu elfu nne huwezi kuibeba ukaenda kumpigia nayo hodi mtu mmoja. Na bosi wako anayewawekea kikomo cha watu wasiojulikana angejaribu yeye kujaza fomu ile mkewe akiwa chumba cha pili.

Na usije ukadhani shida yangu ni kwamba ulikosea hesabu. Tuseme hukukosea. Tuseme angekuwa namba tatu kwa majibu yote matatu, au mbili, na amelisema kwa mdomo wake bila kusita. Bado lingekuwa lake kulisema au kulinyamazia, bado angekuwa baba wa wale mapacha, na bado mjomba wako asingekuwa na haki ya kugusa kufuli ya chumba chake cha kazi. Kwa hiyo usiende Jumapili kumtetea kwa kuthibitisha kwamba yeye si namba tatu wala mbili. Ukifanya hivyo utakuwa umemwokoa kwa kuwakanyaga watu wengine elfu moja ambao sauti zao unazo.

Ufanye hivi. Karatasi ibaki ofisini. Ile ya kusema haikuwa sauti yake, iache, maana yeye anajua ilikuwa yake, na uongo wa pili utamfanya awe mshirika wako. Na usijiuguze. Kesho Ijumaa, mchana, chumba chake cha kazi kikiwa wazi, nenda kwake peke yako. Aliuliza swali wiki tano zimekaribia na hakuna aliyemjibu, kwamba ni wewe uliyekuwa unamsikiliza. Mjibu. Mwambie ndiyo, ulimtambua, ulitakiwa kuvua hedifoni hukuvua, uliandika namba ambayo hakuisema, ukampelekea mkewe. Usimwelezee uchungu wako wala talaka yako. Kisha muulize kitu kimoja tu, anataka nini kisemwe Jumapili na nini kisisemwe. Akikwambia kaa kimya, utakaa kimya mpaka mjomba achoke. Akikufukuza bila kukujibu, fuata haya ninayokuandikia hapa chini na usiongeze neno.

Jumapili wahi kuongea kabla mjomba hajaongea. Sema: ile namba niliiandika mimi, yeye hakuiandika, na niliposema kasema mwenyewe nilisema uongo. Watakuuliza, sasa alisema nini? Utajibu kwamba hayo ni yake. Watakuuliza mara ishirini. Mama atalia, mjomba atakuita majina, wataanza kukugeukia wewe, waache wakugeukie, maana wakiwa wanakushambulia wewe hawamshambulii yeye. Kuhusu chumba cha kazi, mwambie mjomba mbele ya wote kwamba akikanyaga kwa mwenye nyumba, wewe utakanyaga nyuma yake kusema ulichokifanya. Na yule pacha mtafute baadaye pembeni, umwambie watu hawana namba, shangazi na mama wakubwa wakati mwingine wanasema upuuzi. Mwambie kwa maneno hayo hayo, mtoto ataelewa.

Jumatatu nenda kwa bosi wako ukamweleze. Mwombe aifungue fomu ile na kuiweka kwenye tano. Najua atakachosema, na najua utapoteza kazi, na sitakuambia kwamba si haki. Masikio yako yameshapoteza sifa ya kusikiliza watu wasiokujua. Utapata kazi nyingine yenye vitu badala ya watu.

Naona nafasi inaisha na huruma sijaifikia. Basi niseme hivi tu, kwamba sikuoni mtu mbaya. Nakuona mtu aliyeshinda na upweke mpaka ukamfundisha ubaya, na nina wasiwasi na wewe baada ya Jumatatu. Huyo ambaye huwezi kumtaja, siku moja mwandikie, hata kama barua hutaituma. Mimi usinitajie.

Ila sikuahidi kwamba ndoa ile itasimama tena. Inawezekana mdogo wako ataacha kusubiri ripoti yako, atatembea mwenyewe mpaka pale penye mashine, atamkalia mumewe mbele na kumwuliza, na yeye atamwambia. Inawezekana pia hatamwambia. Mtu aliyefungua mdomo mara moja katika maisha yake, akakuta aliyekuwa upande wa pili ni dada wa mkewe, anaweza asiufungue tena kwa yeyote, na huyo yeyote ni pamoja na mkewe. Ikiwa hivyo, wataachana, na mdogo wako ataendelea kukuuliza mwakani na baada ya miaka kumi, dada, alisema nini hasa siku ile. Utamjibu kamuulize yeye. Utamjibu hivyo kila mara, ukimwona anazeeka huku akiamini alikuwa nusu, ilhali maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kusemewa unayo wewe na huna ruhusa ya kumpa. Hapo sina msaada wa kukupa, dada. Nenda Ijumaa.

Mshauri